Mabadiliko ya mwili baada ya mishipa ya fahamu ya mkono kuumia vibaya: yapi ni ya kawaida na yapi yanazuilika?

Mwalimu wa Tandahimba:

Habari zenu wanajukwaa. Naandika kwa niaba ya mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 26, ambaye alikuwa akiendesha bodaboda kati ya Tandahimba na Newala. Mwezi wa kumi, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto na barabara imejaa malori, alilikwepa lori moja akaangukia bega la kulia, kichwa kikatupwa upande wa pili. Mtulinga, ule mfupa unaotoka kifuani hadi begani, ulivunjika, ukafungwa, na sasa umeunga vizuri. Mkono wenyewe haukurudi. Kituo tulikoanzia matibabu kilituambia tusubiri mfupa uunge kwanza na mengine yatajirekebisha. Ni daktari wa mifupa tuliyemwona baadaye ndiye aliyetueleza kwamba kilichoumia zaidi ni fungu la mishipa ya fahamu linalotoka shingoni, likapita chini ya mtulinga na kwapani kwenda mkononi. Tumepewa rufaa ya Dar es Salaam na tunasubiri tarehe.

Huu ni mwezi wa tano, na mwili wake unabadilika kwa namna ambayo hakuna aliyetuandaa kuiona. Bega limeshuka kiasi kwamba naweza kulaza ncha ya kidole kwenye pengo lililopo kati ya mfupa wa juu ya bega na kichwa cha mfupa wa mkono. Msuli wa mbele wa mkono umesinyaa hadi mkono wa shati unapwaya. Kwa joto hili la Machi kiganja cha kushoto kinatoka jasho, lakini cha kulia ni kikavu, kinang'aa, na mistari ya kwenye ncha za vidole imefifia. Kucha zinakua polepole na zimejipinda. Ikifika jioni kiganja kimevimba, na asubuhi ya mvua kinakuwa baridi kama si chake.

Yapo mawili yaliyonitisha zaidi. La kwanza, shangazi yetu kwa nia njema alimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Kijana hakushtuka hata kidogo, na jioni tukaona malengelenge mgongoni mwa kiganja. La pili, kope la juu la jicho la kulia limelegea, na mboni ya jicho hilo ni ndogo kuliko ya kushoto. Majirani wanasema ni kiharusi, wengine wanasema mengine ambayo sina haja ya kuyaandika hapa.

Naomba kufahamishwa na wenye utaalamu au waliopitia hali hii: katika mabadiliko haya, ni yapi yanatokana na jeraha lenyewe na hatuna namna ya kuyazuia, na ni yapi tunayaacha yatokee kwa kutojua?

Fizio wa Kusini:

Mwalimu, pole kwa kuuguza. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba katika mkoa wa Lindi, na wagonjwa wa namna ya mdogo wako nawaona mara kwa mara, wengi wao vijana wa bodaboda. Siwezi kumpima kwa maandishi, kwa hiyo haya yachukue kama maelezo ya kukusaidia kuzungumza na daktari wake.

Fungu hilo la neva, yaani mishipa ya fahamu, linaundwa na mizizi mitano inayotoka kwenye uti wa mgongo, minne ya shingo na mmoja wa kifua. Bega linapogonga chini na kichwa kikasukumwa upande wa pili, fungu zima linavutwa kwa nguvu. Zipo neva zinazovutika bila kukatika, ambazo huamka zenyewe baada ya wiki au miezi michache. Zipo zinazokatika njiani. Na upo mzizi unaochomoka kabisa kwenye uti wa mgongo, kama mhogo unavyong'olewa ardhini. Mtu mmoja anaweza kuwa na aina zote tatu katika mkono uleule, na ndiyo sababu wagonjwa wawili walioanguka kwa namna moja hawafanani, wala huwezi kumtabiria mdogo wako kwa kumtazama kijana wa kijiji cha jirani aliyepona.

Nianze na kusinyaa. Mwaka 1850 daktari Mwingereza, Augustus Waller, alikata neva za ulimi wa chura akaona kwamba kipande kinachotenganishwa na upande wa ubongo huharibika chote mpaka mwisho wake, hata pale ambapo kisu hakikugusa. Ndivyo inavyokuwa mkononi. Msuli uliokatiwa mawasiliano haupungui kwa sababu ya uvivu wala lishe mbaya. Hupungua kwa sababu amri na riziki iliyokuwa ikiufikia kwa njia ya neva imekoma, na ndani ya miezi michache ya mwanzo unaweza kupoteza nusu ya unene wake au zaidi. Ukiachwa muda mrefu, nyuzi zake hugeuka mafuta na makovu. Neva iliyokatika hujaribu kuota upya kutoka juu, lakini mwendo wake ni kama milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 kwa mwezi mambo yakienda vizuri. Sasa piga hesabu: kutoka shingoni hadi vidoleni kwa mtu mzima ni sentimita 70 na zaidi, nayo ni safari ya miaka miwili, ilhali msuli usio na neva huwa na uwezo wa kuipokea tena kwa takriban miezi 12 hadi 18 tu. Hapo utaelewa kwa nini madaktari wa upasuaji hulenga kwanza kiwiko na bega, na kwa nini msuli mdogo wa kiganja mara nyingi haurudi hata upasuaji ukifanikiwa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayonifanya nikuombe msikae kimya mkisubiri tarehe. Upasuaji wa kuunga neva, au wa kuhamisha neva yenye afya kutoka mahali pengine, hutoa matokeo mazuri zaidi ukifanyika ndani ya miezi 3 hadi 6 baada ya ajali. Mdogo wako yumo mwezi wa tano. Rudini kwa aliyewapa rufaa, kama ni hospitali ya Ligula pale Mtwara au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, mwombeni aandike wazi tarehe ya ajali na kwamba hakuna msuli uliorudi, kisha mfuatilie wenyewe huko mlikopangiwa. Kama ni MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, mishipa ya fahamu ni sehemu ya kazi yao ya kila siku, na barua inayosema "maumivu ya bega" haiwezi kupewa uzito sawa na barua inayosema "mkono haujasogea tangu Oktoba".

Kuhusu ngozi. Neva za mkono hazibebi mwendo na hisia tu. Zimebeba pia nyuzi zinazoamuru tezi za jasho na mishipa ya damu. Nyuzi hizo zikikatika, ngozi haitoki jasho, inakauka, inakuwa nyembamba na yenye kung'aa, nyama laini ya ncha za vidole inapungua, na kucha zinakua polepole, zikijipinda au kuwa na mifereji. Katika wiki chache za mwanzo kiganja huwa na joto kuliko kawaida kwa sababu mishipa ya damu imelegea. Baadaye hugeuka kuwa baridi na kubadilika rangi, na baridi hiyo hukaa miaka. Mkiwa huko juu Newala, Juni na Julai atahitaji soksi ya mkono au kitambaa kizito, kwa kuwa kwa wagonjwa wengi baridi haiishii kwenye ngozi bali huamsha maumivu.

Lipo jaribio dogo mnaloweza kulifanya nyumbani. Aloweke vidole vya mikono yote miwili kwenye maji ya uvuguvugu kwa muda wa nusu saa hivi, maji hayo yakipimwa kwanza kwa kiwiko chako wewe na si kwa mkono wake. Vidole vyenye neva hujikunja ngozi, jinsi tunavyoona baada ya kufua. Vile ambavyo neva zake zimekufa hubaki laini. Andika ni vidole vipi vimejikunja na vipi havikujikunja, umpe daktari.

Jicho sasa. Siyo kiharusi, kwa maelezo uliyoyatoa. Nyuzi zinazoinua kope kidogo na kupanua mboni hupita karibu na mzizi wa mwisho wa fungu hili, ule wa kifua. Kope kulegea, mboni kuwa ndogo na nusu ya uso kukosa jasho, vikija pamoja na mkono uliopooza upande huohuo, humwambia daktari kwamba mzizi huo huenda umechomoka kwenye uti wa mgongo wenyewe. Tofauti ya mboni utaiona vizuri zaidi kwenye mwanga hafifu, kwa sababu ile ya kushoto itapanuka na ya kulia haitaweza. Kuona kwake hakudhuriki. Lakini ni habari kubwa kwa mpasuaji, kwa kuwa mzizi uliochomoka hauwezi kuungwa mahali pake kwa njia ya kawaida, na kinachobaki ni kuazima neva kutoka kwingine.

Hayo ndiyo ya jeraha lenyewe. Mengine matatu yanatokana na mkono kuning'inia bila kazi, na hayo mnaweza kuyapunguza kuanzia leo.

Bega kushuka hutokea kwa sababu misuli inayolishika tundu lake imelala, na uzito wa mkono mzima unavuta mishipa na ngozi ya kiungo kila saa anayosimama. Asimame au atembee mkono ukiwa umeshikiliwa kwa bandeji ya pembetatu yenye kubeba kiwiko kutoka chini. Ile kamba nyembamba inayoning'iniza kifundo peke yake haisaidii bega. Akikaa, mkono uwe juu ya meza au mto. Mtu yeyote asimwinue kwa kumvuta mkono huo wala kumshika kwapani. Shati livaliwe kwa kuanza na mkono mgonjwa, na livuliwe kwa kumaliza nao.

Uvimbe wa jioni ni maji yaliyoshuka kwenye kiganja kwa kukosa msukumo wa misuli. Alale kiganja kikiwa juu kuliko kiwiko, na kiwiko juu ya usawa wa moyo, kisha mtu amsugue polepole kutoka vidoleni kwenda juu. Uvimbe ukiachwa kwa miezi, maji yale huganda ndani ya viungo vya vidole, na hapo tunahamia kwenye tatizo la tatu ambalo ndilo linalonikera kuliko yote: kukakamaa. Nimeona kijana ambaye neva zake zilianza kurudi, msuli wa kiwiko ukafufuka, lakini kiwiko chenyewe kilikuwa kimeshaganda kwa sababu hakikukunjwa na mtu kwa mwaka mzima. Kila siku, asubuhi na jioni, mkono wa kushoto uukunje na kuunyoosha wa kulia: bega lizungushwe taratibu bila kupita usawa wa bega, kiwiko kikunjwe mpaka mwisho na kunyooshwa, kiganja kigeuzwe juu na chini, vidole vikunjwe kwenye vifundo vyake vya mwanzo, na gumba livutwe mbali na kiganja. Usiku kifundo cha mkono kiwekwe kwenye kibao ili kisidondoke. Mahali pasipo na vifaa tunakitengeneza kwa bomba la plastiki lililopashwa moto na kukunjwa, na linafanya kazi, mradi lifungwe kitambaa ndani na ngozi ikaguliwe kila asubuhi.

Seremala wa Masasi:

Mwalimu, mtaalamu amemaliza ya hospitali. Mimi nitasema ya miaka inayofuata, kwa sababu hayo hayaandikwi kwenye cheti. Niliumia mkono wa kulia katika ajali ya gari miaka mingi iliyopita, nikiwa fundi seremala kamili. Nilifanyiwa upasuaji Dar es Salaam: walichukua neva za katikati ya mbavu wakaziunganisha na msuli wa kukunja kiwiko. Kwa muda mrefu hapakuwa na lolote. Kisha siku moja nilikohoa, na kiwiko kikajikunja chenyewe. Daktari alinieleza kwamba ubongo bado ulikuwa ukidhani neva ile ni ya kupumulia, kwa hiyo mwanzoni nililazimika kuvuta pumzi ndefu ndipo mkono unyanyuke, na kunyanyua kikombe huku ukizungumza ni kazi isiyowezekana. Polepole ubongo ulijifunza. Leo nakunja kiwiko bila kufikiria mbavu, ingawa nikipiga chafya watu wa karibu wajihadhari.

Vidole havikurudi. Mwalimu, mwandae mdogo wako kwa hilo mapema kuliko kumwachia matumaini yasiyo na hesabu. Mkono unaokunja kiwiko bila vidole si mkono wa bure: nabana ubao kati ya kiwiko na ubavu, nambeba mtoto, nashikilia mfuko. Kazi ya randa nimeibadilisha kwa kufunga kila kitu kwenye jiliwa, na jiliwa hilo ndilo mkono wangu wa pili.

Mabadiliko ambayo sikuyatarajia yalikuwa upande usioumia. Bega la kushoto lilianza kuuma kwa kubeba kazi za mikono miwili, na vidole vya kushoto vikawa vinafa ganzi usiku hadi nilipopunguza kupiga nyundo kwa siku nzima. Shingo nayo iliinama upande, kwa sababu kila mtu mwenye bega lililoshuka hulivuta kwa misuli ya shingo bila kujua. Mke wangu ndiye aliyeligundua kwenye picha ya harusi ya jirani. Hata kutembea kulibadilika. Mkono usiobembea unamnyima mtu mizani, na katika miezi ya mwanzo nilikuwa nikiyumba kwenye mteremko na kwenye ngazi za basi. Mwambie mdogo wako: asipande tena bodaboda kama abiria huku mkono umefungwa ndani ya shati, kwa sababu akiteleza hatakuwa na cha kujishikia.

Kuhusu kutosikia moto, hapa kwetu hatari haiishii kwenye maji. Kama kuna mbanguaji wa korosho nyumbani, mkono huo ukae mbali na maganda mabichi. Mafuta ya ganda huunguza hata ngozi yenye hisia, na mwenye hisia hukimbilia kunawa. Yeye hatajua mpaka aone ngozi imebadilika rangi na kuanza kubambuka. Vilevile sufuria, kiti cha bati kilichokaa juani, na injini ya pikipiki. Kucha nilianza kukatiwa na mke wangu baada ya kujikata nyama mara kadhaa bila kusikia, na kidonda cha mkono huu hupona polepole kuliko cha mkono mwingine.

Nimalizie na jambo ambalo mwalimu hukuliuliza. Mkono wa kulia ukifa, mtu analazimika kula kwa kushoto, na kwetu hilo halipiti bila macho ya watu. Nilikuwa nikikataa kula shughulini, nikapungua uzito, na daktari akahangaika kutafuta ugonjwa. Mzee mmoja wa msikiti wetu aliniita akaniambia kwamba mwenye udhuru hana lawama, akaketi nami sinia moja. Mtafutie mdogo wako mtu wa namna hiyo.

Mama wa Nachingwea:

Nashukuru kwa mada hii. Mwanangu alizaliwa akiwa mkubwa, bega likakwama wakati wa kujifungua, na mkono wake wa kushoto haukunyanyuka. Sasa ana miaka saba. Anautumia kwa kiasi, lakini naona mkono huo ni mfupi kidogo na mwembamba kuliko wa kulia, na akinyanyua mkono mfupa wa nyuma ya bega unachomoza. Je, ni jambo lilelile?

Fizio wa Kusini:

Mama, ni fungu lilelile la neva, ila kwa mtoto kuna jambo ambalo mtu mzima hana: mifupa bado inakua. Mfupa hukua vizuri ukivutwa na misuli yenye nguvu, kwa hiyo mkono ulioumia wakati wa kuzaliwa mara nyingi hubaki mfupi na mwembamba kuliko mwenzake, na tundu la bega linaweza kukua likiwa na umbo lisilo sawa kwa sababu misuli ya upande mmoja inavuta kuliko ya upande wa pili. Kuchomoza kwa mfupa wa bega huenda kunatokana na hilo. Miaka saba si kuchelewa kwa kila kitu; daktari wa mifupa wa watoto aliangalie bega, hasa kama hawezi kugeuza mkono kwa nje, yaani kupeleka kiganja nyuma ya kisogo. Katika watoto wengi jeraha la aina hii huwa jepesi na hupona katika miezi ya mwanzo, ila wa kwako amebakiwa na sehemu, na sehemu hiyo inastahili kufuatiliwa mpaka amalize kukua.

Mwalimu wa Tandahimba:

Nawashukuru sana, mtaalamu na kaka yangu seremala. Barua ya rufaa imeandikwa upya na nimeambiwa tuondoke wiki hii. Jaribio la maji tumelifanya: gumba na kidole cha shahada vya mkono wa kulia vimejikunja kidogo, vingine vitatu vimebaki laini kabisa, ilhali vya kushoto vimejikunja vyote.

Nina maswali mawili ya kumalizia. Yupo mtu hapa sokoni anayeuza kifaa cha umeme cha kuchua misuli, na ameahidi kwamba kitazuia kusinyaa; tununue? Na usiku kijana analia kwa maumivu kwenye kiganja kilekile kisichosikia maji ya moto. Anasema kinawaka muda wote, kisha ghafla anapigwa shoti kutoka shingoni hadi vidoleni, inaisha, inarudi. Tumempa paracetamol, tumempa diclofenac, hakuna tofauti. Inawezekanaje mkono uliokufa ganzi uume kiasi hicho? Pia nimeona kwamba akilala chali anahema kwa shida kidogo, jambo ambalo nililidhani ni hofu.

Fizio wa Kusini:

Mwalimu, hilo la kuhema nalianzia, kwa kuwa umelitaja mwisho na lilipaswa kuwa la kwanza. Neva inayoendesha msuli mkuu wa kupumulia, ule unaotenganisha kifua na tumbo, hutoka shingoni jirani kabisa na mizizi ya juu ya mkono, na mzizi mmoja wanachangia. Ikiumia, nusu ya msuli huo upande wa kulia hupooza na kupanda juu, na mtu huhisi upungufu wa pumzi hasa akilala chali. Kijana mwenye afya anaweza kuishi nayo bila hatari, lakini lazima ijulikane kabla ya upasuaji, kwa sababu ya usingizi wa dawa na kwa sababu mpasuaji anayefikiria kuazima neva za mbavu atataka kujua kwanza kupumua kumesimama wapi. Ombeni picha ya eksirei ya kifua kabla hamjaondoka, na mwende nayo. Kama ipo ile mliyopigwa siku ya ajali, ichukueni pia ili zilinganishwe. Kupumua kukizidi kuwa kwa shida, au akashindwa kulala kabisa, msisubiri safari. Mpelekeni hospitali ya karibu siku hiyohiyo.

Maumivu hayo ni ya kweli na hayatoki kwenye kiganja. Mzizi unapochomoka, seli za uti wa mgongo zilizokuwa zikipokea habari kutoka mkononi hubaki bila habari yoyote, zikaanza kujitumia ishara zenyewe, na ubongo unazisoma kama moto na shoti kwenye kiganja. Ndiyo sababu dawa za kawaida za maumivu hazifui dafu. Dawa zinazotumika ni za kundi jingine, kama amitriptilini, gabapentini au pregabalini, zinazotuliza neva zenyewe. Huanza kwa kipimo kidogo kinachopandishwa taratibu, huleta usingizi, na hazikatwi ghafla. Zinaandikwa na daktari, si za kununua kwa jina dukani. Wagonjwa wengi husema maumivu hupungua wakiwa wameshughulika, na usiku hurudi kwa sababu hakuna la kufanya; kwa hiyo kumpa kijana kazi ya mchana, hata kuwasahihishia wanafunzi wako madaftari kwa mkono wa kushoto, ni sehemu ya tiba na siyo kumchosha.

Kifaa cha umeme msinunue. Haijathibitika kwamba kifaa cha aina hiyo humrudishia mtu msuli uliokatiwa neva, na kwenye ngozi isiyosikia kinaweza kuunguza bila yeye kujua, mmeshaona kilichotokea kwa kitambaa cha shangazi. Fedha hiyo iwe nauli ya mtu wa kumsindikiza.

Matokeo ya jaribio la maji yaandikeni hivyohivyo ulivyoyaandika hapa. Gumba na kidole cha shahada kujikunja ni dalili kwamba si njia zote za upande huo zilizokatika. Vidole vitatu kubaki laini kunakubaliana na lile jicho. Haitoshi kuamulia chochote, kwa sababu daktari atataka kipimo cha umeme wa neva na misuli na picha ya MRI ya shingo. Anaweza pia kumgonga polepole kwa kidole juu ya mtulinga na kushuka kwapani, akimuuliza ni wapi anahisi kuchomachoma. Ni kipimo ambacho daktari Mfaransa, Jules Tinel, alikieleza mwaka 1915 kwa askari waliojeruhiwa vitani, na bado hakigharimu chochote. Mahali panapochoma pakiwa panashuka mwezi hadi mwezi, neva inaota. Mwambie mdogo wako asijibu kwa kumfurahisha daktari. Aseme anachokihisi, na pale asipohisi aseme hahisi.

Kwenye basi mkae upande ambao mkono wake wa kulia uko dirishani, usiwe kwenye njia ya kupita watu, umefungwa bandeji yenye kubeba kiwiko na mto chini yake. Dirisha la jua lifunikwe kitambaa.